Jiwe Lililoandikwa Pande Mbili

Asubuhi ile nilimrudishia mwenye nyumba ufunguo wa chumba nilichopanga pale Tukuyu, nikatoka na begi na mwavuli. Aliniuliza naenda wapi. Nikamwambia sijui.

"Mzee mzima, na bado huna mpango?"

"Nikiwa na mpango sitatoka," nikamjibu.

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati. Mtu aliyekuwa mbele yangu barabarani nilimjua kwa kikohozi chake tu. Nikashika njia ya upande wa Suma kwa sababu ilikuwa inateremka, na magoti yangu yamechoka kupanda.

Ndivyo nilivyo, vijana. Shule niliiacha darasa la tano kwa kuwa dirisha la darasa lilitazama barabara, na barabara ilinishinda nguvu. Nimepakia ndizi kwenye malori pale Kiwira, nimechuma chai, nimefyatua matofali, nimelinda kanisa ambalo sikuwa muumini wake. Kila mahali nilikaa mpaka nikaelewa mambo yanavyokwenda, kisha miguu ikaanza kuwasha. Kazi moja tu ilinishika miaka mingi, hadi mikono ilipoanza kutetemeka: kuchonga maandishi kwenye mawe ya makaburi. Sasa nimestaafu. Nawaandikia nyinyi mnaoanza ufundi huo, na nyinyi mnaohangaika na Kiingereza darasani, kwa sababu vitu hivyo viwili nilijifunza kwa pamoja. Sehemu kubwa ya Kiingereza changu nimefundishwa na makaburi.

Njia ya huku hupita katikati ya migomba, na katikati ya migomba ndimo wenyeji wanamozika watu wao, karibu na nyumba, karibu na jiko. Kwa hiyo kwangu mimi kutembea ni kusoma. Ukungu ukifunguka kidogo linatokea jiwe, linasema neno lake, kisha ukungu unafunga. Mengine nayajua, nimeyachonga mwenyewe. Yananitazama kama watu tuliowahi kufanya kazi pamoja.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Shomari. Babu yake alikuja kutoka pwani na msafara wa wafanyabiashara, akaoa huku, na ukoo wao ukabaki mjini Tukuyu ukishona, ukiuza, ukichonga. Uwanja wake ulikuwa nyuma ya soko. Siku ya kwanza nilipopita, mvua ilikuwa ndiyo kwanza imekatika, na nyuma ya uzio niliona watu wamejipanga kimya, weupe, hawana vichwa. Nilisogea. Yalikuwa mabamba ya marumaru yameegemezwa ukutani.

"Unamtafuta nani?" mzee akauliza bila kuinua uso.

"Simtafuti mtu. Nataka kujua hizi herufi umezipangaje zikakaa katikati."

Akanitazama viatu. "Umetoka wapi?"

"Kiwira."

"Na kabla ya Kiwira?"

Nikaanza kumhesabia. Akainua mkono. "Inatosha, Kiguu na njia. Keti, shika rula."

Tangu siku hiyo jina langu likawa Kiguu.

Alinifundisha mambo matatu. La kwanza: usianze na herufi ya kwanza, anza na ya katikati. Hesabu herufi na nafasi zake, tafuta ile iliyo katikati, iweke katikati ya jiwe, kisha nenda kulia na kushoto. Kulikuwa na fundi mmoja njia ya Kyela aliyekuwa akianza kushoto kama mtu anayeandika barua. Aliwahi kuchonga "REST IN PEA", jiwe likaisha, zile herufi mbili akazibana chini pembeni kama vifaranga waliosahaulika nje. Mzee Shomari alinipeleka nikalione. Tulisimama pale tukiumia mbavu kwa kujizuia, maana mjane alikuwa anatutazama.

La pili: usichonge neno ambalo halijasomwa kwa sauti na mtu wa nyumba hiyo. Fundi hasomi. Fundi ni mgeni, na maneno yale si yake.

La tatu: jiwe likishasimamishwa, ligonge na mpini wa nyundo, kisha sikiliza. Likilia kama debe, chini kuna uwazi, litakuja kulala siku za masika. Likijibu kwa sauti nzito, limekaa. Alisema hivyo hasa: likijibu.

Sasa niwaambie kuhusu jiwe la ng'ombe. Vijana wa mzee mmoja mfugaji aliyefariki walikuja na simu. Kaburi la jirani yao lilikuwa na mistari mitatu ya Kiingereza, nao hawakutaka kushindwa. Wakatuonyesha maneno waliyookota huko kwenye simu, wakayasoma kwa sauti kama sheria yetu inavyotaka, nasi tukachonga: "BECAUSE HE LOVED HIS COWS". Yaani kwa sababu aliwapenda ng'ombe wake. Mstari huo peke yake. Kazi ilikuwa safi. Lakini niliporudi baada ya majuma machache kuziba ufa, nilikuta njia iliyokuwa ikipita kando ya kaburi imeota majani. Watu walikuwa wamekata njia nyingine kupitia kwenye mahindi.

"Kwa nini hampiti pale?" nikamuuliza mama mmoja aliyebeba kuni.

"Sijui, fundi. Ukipita pale unaona kama mtu anataka kukuambia kitu."

Nilisimama mbele ya lile jiwe mpaka ukungu ukanilowesha shati. Alisema kweli. Makaburi mengine yamenyamaza. Lile lilikuwa limevuta pumzi.

Nilimuuliza Mzee Shomari, akasema Kiingereza si lugha ya babu yake. Nilimuuliza mchungaji, akaniambia nisali. Nikabaki na swali langu, nikatembea nalo kama kijiwe kwenye kiatu, mpaka lilipofika Nkunga.

Bibi mmoja wa Nkunga, Bibi Tumpale, alituma ujumbe kwamba mumewe amezikwa, saruji imekauka, sasa anataka jiwe la kichwani. Mzee Shomari alikuwa anaumwa kifua, akanituma mimi. Nilimkuta bibi barazani, ukuta wa mbao nyuma yake, kuku miguuni. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Aligeuza sikio kunisikiliza.

"Mugonile, bibi," nikamsalimu kwa lugha ya huku.

"Ndaga, fundi. Kaa."

Akanipa jina la marehemu na miaka yake. Jina lenyewe liko juu ya jiwe, na hapa sitaliandika. Mtaona kwa nini.

"Chini ya jina," akasema, "uandike maneno yake ya mwisho. Ni Kiingereza."

"Maneno gani, bibi?"

Akanyoosha mgongo, akayatoa polepole, kama mtu anayevusha mayai: "Weni ayamu noti hia."

"Maana yake?"

"Sijui. Nimeyashika yalivyotoka."

Nikayaandika kwa penseli ya seremala kwenye kipande cha boksi: "WHEN I AM NOT HERE". Nikamwambia ni lazima mtu wa nyumba ayasome.

"Mkamwana wangu ni mwalimu wa Kiingereza," akasema. "Yuko jikoni. Mpelekee."

Jiko lilikuwa upande wa pili wa ukuta uleule wa mbao. Mwalimu Tusajigwe, mke wa mtoto wake, alikuwa anamenya ndizi. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya kwenda Zambia na nyumbani alionekana kwa nadra. Nikamwonyesha boksi. Akaweka kisu chini.

"Nani amekupa haya?"

"Bibi."

"Nilidhani hakusikia."

"Nimekosea herufi, mwalimu?"

"Herufi ziko sawa. Ongeza mkato mwishoni."

"Basi soma kwa sauti, nikachonge."

"Siwezi," akasema. "Ni maneno ya baba mkwe."

Mvua iliyokuwa ikinyesha tangu nifike ikakatika ghafla, kama huku inavyokatika. Na hapo, kwenye ukuta wa mbao, upande wa barazani, kitu kikagonga mara moja.

Mwalimu hakushtuka. Alinitazama mimi kuona kama nimeshtuka.

Nikatoka nje. Barazani hapakuwa na mtu. Bibi alikuwa ameshaingia ndani, namsikia akisogeza kiti chumbani. Kuku wote walikuwa wamesimama, shingo ndefu, wakitazama ubao uleule. Nikarudi jikoni.

"Mbao zikikauka hulia," nikasema.

"Ndiyo," akasema mwalimu. "Kila siku mvua ikikatika. Zamani hazikulia."

Halafu akanieleza. Vijana wa mjini huenda hamjui, lakini kwa wazee wa huku mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Hamwiti jina, hamsemeshi, wakikutana njiani mwanamke anaingia migombani mpaka mzee apite. Wenyewe huita ukutila. Ni heshima, na ndani ya heshima hiyo kuna hofu pia. Mwalimu, na diploma yake, aliishika mila hiyo nyumbani kama wenzake wote.

Tatizo lilianza mjukuu alipofika umri wa kusema Kiingereza. Mzee, mkulima wa chai asiyependa kusengenywa nyumbani kwake, alitaka kukijua. Hakusema. Alihamisha kigoda chake kutoka kwenye jua akakiweka kwenye ule ukuta wa jiko. Mvua za alasiri zikija, mwalimu alimfundisha binti yake jikoni, na mzee nje alisikiliza.

"Siku moja nilimuuliza mtoto swali, mtoto akakosa," akasema mwalimu. "Nje nikasikia sauti inawaambia kuku jibu."

"Inawaambia kuku?"

"Kwa Kiingereza. Nami nikaiambia sufuria, 'Very good.'"

Binti alipokwenda shule ya bweni, masomo hayakukoma. Mwalimu alifundisha masufuria, mzee aliwajibu kuku, na hakuna aliyekiri lolote. Bibi Tumpale alipita katikati yao na maji yake kana kwamba hasikii kitu.

Nikamwambia habari ya jiwe la ng'ombe. Alicheka kidogo, kicheko cha kwanza, kisha akanifundisha palepale kile alichomfundisha mzee. Nami nawapa nyinyi, kwa maana sijaona kitabu kilichoniingia zaidi.

"Under the banana tree," akasema. "Kuna nani hapo?"

"Hakuna mtu. Kuna mgomba."

"Nani anafanya nini?"

"Hakuna."

"Hicho ni kirai. Maneno yamekaa pamoja, lakini hakuna mtenda na hakuna tendo. 'In loving memory' pia ni kirai. Ndiyo maana makaburi yenu yametulia. Sasa: the hen sleeps under the banana tree."

"Kuku yupo, analala."

"Hicho ni kishazi. Kina mtenda na tendo, na kinasimama chenyewe, kwa hiyo ni kishazi huru. Ukikisikia unaweza kwenda zako. Sasa nikikwambia: when the hen sleeps under the banana tree..."

Akanyamaza. Nikasubiri. Akaendelea kunyamaza. Nje maji yalikuwa yanadondoka kwenye majani.

"Enhe?" nikasema. "Kuku akilala, halafu?"

"Unaona? Mtenda yupo, tendo lipo, lakini huwezi kuondoka. Ni kishazi tegemezi. When, because, if, although, ukiona maneno hayo yametangulia, ujue kuna nusu nyingine lazima ije."

Tangu siku hiyo nimeliweka hivi kichwani: kirai kimelala, kishazi huru kimekaa, kishazi tegemezi kimesimama mlangoni na mkono wake uko kwenye komeo.

Huo ndio ulikuwa mchezo wao. Mwalimu alitoa kishazi tegemezi, mzee akamalizia. When the rain stops, mwalimu aliiambia sufuria. I will see the tea, mzee aliwaambia kuku. Mwaka baada ya mwaka, mvua baada ya mvua.

Mzee akaugua. Siku ya mwisho waliyomtoa barazani, mwalimu alisema nusu yake, hakusikia jibu. Akarudia. Kimya. Kisha ukuta ukagongwa, mara moja, kwa kidole kilichokunjwa. Na sauti ya mzee ikasema, karibu kabisa na ubao: When I am not here.

"Haikuwaambia kuku," akasema mwalimu. "Iliniambia mimi. Hakuwahi kugonga. Hakuwahi kutoa nusu ya kwanza. Nikimjibu, nimemsemesha baba mkwe. Nilichukua ndoo nikaenda kuteka maji. Niliporudi walikuwa wamemwingiza ndani, na hakusema tena mpaka alipokwenda."

"Na tangu hapo..."

"Tangu hapo umesikia mwenyewe. Ananidai nusu yangu. Nimeomba uhamisho, fundi. Shule yoyote, hata Chunya. Ukikubaliwa naondoka."

"Na bibi?"

Tukasikia pumzi mlangoni. Bibi Tumpale alikuwa amesimama pale, mkono kwenye mwimo, na hatukujua amesimama tangu lini.

"Gwe fundi," akasema. "Hayo maneno maana yake ni nini?"

Nikamtazama mwalimu. Mwalimu akatazama ndizi.

"Ni kama kusema 'Wakati mimi sipo', bibi. Halafu yakaishia hapo."

Bibi akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea mwimo.

"Mwizi mkubwa huyo! Hayo ni maneno yangu! Nilipokwenda kwa dada yangu Kiwira kila mara nilimwambia kwa lugha yetu, 'Wakati mimi sipo, nani atakula nawe?' Asije akajifungia na chungu peke yake watu wakamsema. Alikuwa ananiigiza, ananicheka." Kicheko kikaisha. "Kumbe alikuwa anaondoka yeye. Akaniulizia mimi."

Huku, vijana, kula peke yako si jambo dogo. Anayekula peke yake wazee humtilia shaka, kwamba pengine ana wenzake wasioonekana anaokula nao usiku. Watu wema hula pamoja. Na nyumba ile, mwalimu akiondoka, angebaki bibi mmoja asiyeona vizuri, na sahani moja.

Mwalimu alikuwa amefunika uso kwa khanga. "Nilidhani ni somo," akasema. "Halafu nikadhani ni adhabu."

"Ni ombi, mwanangu."

"Nimjibuje sasa, mama? Sijawahi kumjibu. Nilikuwa naziambia sufuria."

Bibi akapapasa hewani mpaka akaupata ule ukuta wa mbao, akaupiga kofi dogo. "Mlisemezana na hiki katikati. Kwani jiwe si ukuta?"

Nilirudi Tukuyu kuchonga. Nikahesabu herufi, nafasi na ule mkato kama nilivyofundishwa, na jambo moja likanisimamisha: katikati ya mstari ule haikuangukia herufi. Iliangukia pengo lililo kabla ya NOT. Kwa hiyo kazi yangu ilianza na mahali patupu, nikatoka hapo kulia na kushoto. Mwishoni nikachonga mkato. Mkato ni mgumu kuliko herufi, ukizidisha kidogo watu watadhani jiwe limemeguka. Mzee Shomari aliunyooshea kidole.

"Hiki nini?"

"Kinasema bado."

"Kaburini? Bado nini?"

Nikaendelea kuusugua mkato. Akakohoa, akaniacha.

Siku ya kusimamisha jiwe mvua ilinyesha tangu asubuhi. Majirani wawili walinisaidia kulibeba, wakaondoka kujisitiri. Kaburi lilikuwa migombani, hatua chache kutoka jikoni, na uso wa jiwe ulitazama kaburi. Mgongo wake ulitazama jiko. Mgongo wa jiwe hauchongwi wala haung'arishwi, unaachwa na makovu ya msumeno. Bibi Tumpale alikaa kwenye kiti chini ya mwavuli wangu. Mwalimu alikuja kwa nyuma, kwa upande wa jiko, khanga imeshuka mpaka kwenye nyusi, akasimama nyuma ya jiwe mahali ambapo hakuweza kuliona kaburi, wala kaburi kumwona yeye.

Nikajaza saruji, nikapima kwa timazi, nikasubiri ishike. Mvua ikakatika.

Migomba ilitulia. Mahali fulani bondeni ng'ombe alianza kulia akaacha katikati. Mimi nilikuwa nafanya kazi yangu tu. Nikageuza nyundo, nikaligonga jiwe na mpini, mara moja, kusikiliza kama limekaa.

Nyuma ya jiwe sauti ya mwalimu ikasema, wazi, kama mbele ya darasa:

"Mother will not eat alone."

Hapo nilihisi kitu ambacho nimeshindwa kukieleza tangu siku ile. Mmewahi kukaa chumba kimoja na mtu aliyebana pumzi, halafu akaiachia? Ni hivyo. Jani la mgomba likapasuka polepole kutoka ukingoni mpaka kwenye uti, na kuku wakaanza kuchakura.

"Amesemaje?" bibi akaniuliza.

Nikamwambia, "Mama hatakula peke yake." Akaitikia kwa kichwa mara nyingi. "Ndaga fijo," akasema, yaani asante sana, na hakuwa ananiambia mimi.

Baadaye mwalimu aliniuliza, "Kwa nini uligonga mara mbili?"

Niligonga mara moja. Nimeshaliwaza hilo miaka yote hii, kila nilipoligonga jiwe jingine. Niligonga mara moja.

Nilichonga jibu lake palepale, jiwe likiwa limesimama, kwenye mgongo wenye makovu. Katikati ya sentensi hiyo iliangukia kwenye herufi N ya NOT, na nilipopima nikakuta imekaa sawasawa nyuma ya lile pengo la upande wa mbele. Sikupanga mimi. Hesabu ilipanga.

Mzee Shomari alipopona alikwenda kuona, maana habari zilimfikia kwamba kijana wake amechonga jiwe kisogoni. Alizunguka mbele, akazunguka nyuma, akapitisha vidole.

"Umeharibu mgongo wa jiwe zima," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Herufi zimekaa." Akafuta vumbi. "Usimwambie mteja mwingine. Watataka wote."

Mwalimu hakuhama. Barua ya kukubaliwa ilikuja akaitumia kuwashia moto. Nilipita pale mara ya mwisho kabla sijaacha kazi, nikala nao, bibi akiwa haoni kabisa sasa, mwalimu akimwekea ndizi mkononi. Nikauliza kuhusu mbao.

"Zimekauka," mwalimu akasema. Bibi akatabasamu upande wa ukuta.

Siku hizi mashine za Mbeya zinachonga jiwe wakati unakunywa chai. Herufi hazikosei katikati, na mashine haina haja ya mtu wa nyumba kusoma. Sizilaumu. Lakini ninyi mnaozishika, mteja akikuletea maneno kwenye simu, mwambie ayasome kwa sauti, na wewe usikilize kama yamelala, yamekaa au yamesimama mlangoni. Yakiwa yamesimama, usiyakatae na usiyakimbie. Uliza nusu ya pili iko kwa nani. Mara nyingi yuko jikoni.

Basi, nilisema nilikuwa natembea. Mvua ilinikuta Suma, alasiri, kubwa kiasi kwamba mwavuli ulikuwa mzaha. Nikakimbilia baraza ya nyumba moja ya mbao. Mwanamke mwenye khanga kichwani akatokea jikoni.

"Karibu, baba. Hii haitakuacha ufike popote."

"Naomba kuuliza, kuna nyumba ya wageni karibu?"

"Karibu hakuna. Lakini chumba cha nyuma kipo, mwanangu yuko chuoni. Utalala."

Akanipitisha kwa nje. Migombani niliona kaburi la udongo, jipya, msalaba wa mbao, jiwe bado. Ufundi ukaniwasha ulimini, nikaumeza. Chumba kilikuwa kisafi, kitanda, sanduku la bati, na ukuta wa mbao uliotenganisha na baraza niliyotoka. Nikaketi kuvua viatu.

Mvua ikakatika. Na upande wa pili wa ubao sauti ya mzee, ya taratibu, ikawaambia kuku:

"Mgeni akisikia baridi..."

Ikaishia hapo. Nikabaki na kiatu mkononi. Kutoka jikoni mwanamke yule akajibu, akiiambia sufuria, maana nilisikia mfuniko ukilia:

"...blanketi la kijani liko kwenye sanduku."

Nikafungua sanduku. Lilikuwepo. Nikatoka nikamsalimie mzee, nimshukuru. Barazani kulikuwa na kigoda kitupu na kuku tu.

Mwanamke akaja na maji ya kunawa. "Blanketi umeliona, baba?"

"Nimeliona, mama."

"Vizuri. Tutakula pamoja, usijifungie huko."

Nikatazama kigoda. Nikatazama kule migombani, kwenye udongo ule mbichi. Maisha yangu yote nimeuliza kila kitu kwa kila mtu, nimeacha shule kwa sababu ya maswali, nimelala njiani kwa sababu ya maswali. Nikafungua mdomo.

"Ndaga fijo," nikasema, nikanawa mikono.